Dawa Imo

Wapendwa, wafugaji mliopo hapa mnalijua josho. Wengine niwaeleze: ni shimo refu la saruji lenye maji yaliyotiwa dawa. Ng'ombe anatumbukia huku, anaogelea, anatokea kule, na kupe wanakufa. Sasa palikuwa na bwana mmoja mtunza josho. Josho lake lilichukua lita elfu kumi, na kipimo kilikuwa lita moja ya dawa kwa kila lita elfu moja. Kwa hiyo dawa lita ngapi? Semeni! Kumi. Naona hamjasinzia.

Wenye ng'ombe wakaanza kunung'unika. "Mzee, dawa hii kali. Inawawasha ng'ombe wetu macho. Punguza kidogo." Bwana yule alipenda kupendwa. Akachota nusu ya josho, akajaza maji matupu. Dawa ikabaki nusu. Wakamsifu. Waliponung'unika tena, akachota nusu tena, akajaza maji tena. Ikabaki robo. Josho limejaa mpaka kwenye alama, linanuka dawa vilevile, ng'ombe wanatoka wameloa chepechepe. Nani angeshuku?

Mama mmoja mjane alikuwa na ng'ombe mmoja na ndama wake. Kila akija aliuliza, "Baba, dawa imo?"

"Imo, mama."

Alidanganya? Hakudanganya! Imo. Lakini kupe walitoka pale wazima, na ng'ombe yule akafa kwa ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe. Watoto wakalala bila maziwa. Inauma, ndugu zangu.

Siku ya kuogesha ilipofika, mama akarudi na ndama peke yake. Akasimama kwenye mdomo wa josho, fimbo mkononi, foleni ya ng'ombe nyuma yake.

"Hatumbukii mnyama yeyote hapa mpaka upime."

"Mama, nimeshakwambia dawa imo."

"Sikuulizi kama imo. Nakuuliza ni kiasi gani."

Bwana akainamisha kichwa. "Lita mbili na nusu. Zimepungua saba na nusu."

"Tia."

"Watalalamika, mama. Itawawasha ng'ombe wao."

"Iwawashe. Yule wangu haimwashi tena."

Akatia zote.

Na sisi je? Tukiulizwa, sala imo nyumbani? Imo. Neno limo? Limo. Upendo umo? Umo. Wala hatudanganyi, ndiyo maana tunalala usingizi! Tumejaa mpaka kwenye alama, viti vimeongezwa, kwaya ina sare mpya. Tunatoka hapa tumeloa, halafu kupe wetu tunarudi nao nyumbani: chuki ileile, masengenyo yaleyale, na mke analia palepale alipokuwa analia Jumapili iliyopita.

Nimeshaombwa, tena na watu ninaowaheshimu: "Mchungaji, mahubiri makali, punguza kidogo." Sipunguzi. Mwenye ndoo yake ya maji aiache mlangoni. Leo Mungu hatuulizi kama imo.

Tusimame, tupimwe.