Jiko Lililohamishiwa Uwanjani

“Leo mwalimu kawafundisha nini?”

Mama mmoja aliuliza hivyo jioni moja jikoni kwake, na binti yake Sekela, wa darasa la tano, akaendelea kumenya ndizi kama vile swali limepita juu ya paa. Mama hakurudia. Ni wangapi hapa tumeuliza swali hilo, tukapewa ukimya, tukaendelea kukoroga mboga?

Baba zangu, mama zangu, huu ni mfano tu. Msianze kutazamana mkitafuta ni nyumba ya nani.

Mama huyu aliishi kwenye vilima vya chai, kule ambako ukungu hauna haraka ya kuondoka, na shule ya msingi ya serikali ilikuwa ng'ambo ya kijito tu. Jioni hiyohiyo, kabla ya chakula, familia iliimba wimbo. Sekela alishika kitabu cha nyimbo, akaimba beti zote bila kukosea, kidole kikifuata mistari. Mama akainama ampapase kichwa kwa furaha. Ndipo akaona kitabu kimefunguliwa kwenye wimbo mwingine kabisa.

Hebu kaeni kidogo ndani ya moyo wa mama huyo. Mtoto anavaa sare, anavuka kijito kila asubuhi, anarudi na daftari lililojaa, na hajui kusoma. Kitu kimoja amejifunza barabara: kuficha. Mtoto mwenye akili ya kuficha hivyo, akili ya kusoma angeikosaje?

Jumamosi wakaja washauri wawili. Wa kwanza kaka yake mama, kutoka mjini, na wa pili wifi yake, dada wa mume, aliyekuwa anaishi nyumba ya jirani na hakuhitaji kuitwa.

“Dada, nipe huyu mtoto,” kaka akasema. “Nitamlipia shule ya binafsi. Atakaa kwangu. Asubuhi basi la njano linamchukua mlangoni, jioni linamrudisha. Mwakani atakuja hapa anaongea Kiingereza hata na kuku.”

“Na kuku wa huku watamjibuje, shemeji?” wifi akadakia. “Mtoto abaki kwao. Mwalimu wake anafundisha tuisheni saa kumi, nyumbani kwake. Wangu mimi anakwenda huko, na anasoma hata maandishi ya kwenye gunia la mbolea.”

“Mwalimu yupi? Huyo huyo wa asubuhi?”

“Huyo huyo.”

“Kwa hiyo asubuhi amelala, jioni anaamka? Shemeji, huyo ni mwalimu au popo?”

Wakacheka, hata mama akacheka. Lakini usiku hakupata raha, maana Sekela alikuwa mtoto wake pekee aliyebaki nyumbani. Akienda mjini atamwona likizo hadi likizo. Akibaki, atakua na kidole kinachofuata mistari asiyoijua. Akamwambia kaka yake, “Nenda kwanza. Urudi Jumamosi ijayo, utakuta begi lake au utakuta jibu langu.”

Wiki ile, mama akawa anaikumbuka shule. Alisoma pale pale. Na hapa naomba nanyi mliosoma shule hizo mkumbuke naye, kwa sababu nyuso zenu zimeshaanza kulainika.

Mnakumbuka mchakamchaka ndani ya ukungu, unasikia wimbo wa walio mbele lakini huwaoni migongo? Kila mtoto na ukuni mmoja kwapani na kikombe cha bati. Madarasa ya udongo, madirisha bila vioo. Na chini ya dirisha la darasa la tatu, mafiga, na juu yake sufuria kubwa la uji wa mahindi. Uji ule ulipikwa na wazazi kwa zamu. Leo mama yake huyu, kesho mama yake yule. Anafika na kigoda chake, anawasha moto, anakoroga, na kwa kuwa dirisha liko juu ya kichwa chake, anasikia somo lote. Atafanya nini, azibe masikio?

Mama aliikumbuka sauti ya mama yake mzazi ikipanda na moshi: “Mwalimu, samahani! Huyo wa nyuma kabisa hajasema kitu, anafumbua mdomo tu!” Darasa zima kicheko. Mwalimu naye anacheka, anamwendea wa nyuma. Kulikuwa na mzazi mwingine ambaye hakuwahi kuingia darasani maisha yake yote. Alijifunza kuzidisha kwa kukoroga uji, na wachuuzi wa sokoni wakamkoma. Uji ulikuwa na harufu ya moshi, mnakumbuka? Nani kati yenu ameonja uji mtamu kama ule tangu siku hizo?

Halafu tukaendelea. Wazazi walisema moshi unawaumiza watoto macho, na kweli uliwaumiza. Walisema wana kazi nyingi, na kweli walikuwa nazo. Wakachangishana, wakajenga jiko zuri la bati, lenye dohani ya kutolea moshi, kule chini kwenye uwanja wa mpira. Wakaajiri mpishi. Siku ya kulifungua kulikuwa na soda na vigelegele, na mama huyu mwenyewe, akiwa bado binti wa miaka kumi na tano, alicheza ngoma mpaka kitenge kikafunguka.

Nani angejua kwamba siku ile kuna kitu kilihama pamoja na sufuria?

Ijumaa mama akavuka kijito kwenda kuomba uhamisho. Akapita darasa la tano. Kiranja alikuwa anaandika ubaoni, watoto wananakili, Sekela ananakili pia, mwandiko mzuri ajabu. Mwalimu alikuwa ofisini na chai yake.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba, mama. Karibu kiti.”

“Sikai. Mwanangu hajui kusoma.”

Mwalimu akaweka kikombe chini. Hakubisha. “Mlete saa kumi nyumbani, mama. Pale nitamfundisha vizuri.”

“Na hapa kwa nini humfundishi vizuri?”

Walimu wengine wakaanza kupekua madaftari yao kwa bidii ya ghafla. Mama alisubiri kusikia habari ya mshahara, habari ya watoto kujaa darasani, na mwalimu angeweza kuyasema hayo yote na yangekuwa kweli. Lakini alisema hivi:

“Kule nyumbani wazazi wanawaleta watoto wenyewe. Wanakaa kibarazani wakiwasubiri, wananisikia. Nikikosea wanakohoa. Hapa, mama, nina mwaka wa sita. Wewe ndiye mzazi wa kwanza kufika mlangoni bila kuitwa.”

Mama alitoka bila uhamisho. Alitoka na hasira, na si hasira juu ya mwalimu peke yake.

Jumamosi kaka alikuta begi halijafungwa. Akakasirika, akalala pale hadi Jumatatu ili amchukue mtoto mwenyewe shuleni. Jumatatu akavuka kijito, akamkuta dada yake amekaa kwenye kigoda chini ya dirisha la darasa la tano, anachambua maharage. Ndani, sauti ya mwalimu ilikuwa inapanda na kushuka, na chaki inagonga ubao.

“Dada! Umeacha shamba umekuja kuchambulia maharage hapa?”

“Punguza sauti, kaka, wanasoma.”

“Nataka kumwondoa mtoto kwenye shida, wewe unakaa kwenye shida!”

“Huko kwenye shule yako, mwalimu akizembea, unafanya nini?”

“Napiga simu. Nakwenda. Nalipa ada, watanieleza!”

“Basi ndicho nilichokuja kufanya hapa.” Akaendelea kuchambua. “Ukimchukua Sekela, nami nitaamka niende zangu shambani. Sitarudi tena, kwa sababu sitakuwa na mtoto humu. Sasa ingia, mchukue. Lakini ukitoka naye, waangalie watakaobaki, uwaambie nani atakaa hapa.”

Kaka alisimama mlangoni. Watoto wote wakasimama wakamwamkia kwa sauti moja, kama sisi tulivyofundishwa. Hakumwita Sekela.

Sasa sisi.

Sisi tumebishana miaka yote: serikali na tuisheni, au shule ya kulipia? Tumebishana harusini, msibani, hata nje ya milango hii baada ya ibada. Sisemi anayelipa ada ametenda dhambi. Mtoto ni wako, na mzazi atamvusha mwanawe kwa daraja lolote analoliona. Sisemi tuisheni ni wizi. Ninachosema kinaniuma mimi pia: tulipowatoa watoto wetu kwenye shule zile, tulijitoa na sisi. Alitoka nesi, akatoka fundi, akatoka karani wa kanisa, akatoka mwenye sauti kwenye mkutano. Tukawaachia wenzetu jengo na mwalimu asiyesikilizwa na mtu, kisha tukarudi kusema, “Mnaona? Shule za serikali hazifundishi.” Ni nani aliyezifanya zisifundishe? Na hata tuliobaki, tukipeleka mtoto saa kumi kibarazani, tunanunua jioni kile tulichokataa kukidai bure asubuhi. Tunaikumbuka shule ya zamani kwa machozi, tunausifu uji wake, na hakuna hata mmoja wetu anayetaka kukoroga.

Mtoto wa maskini hana mjomba wa mjini. Hana ada ya saa kumi. Ana asubuhi tu. Je, Mungu atakapotuuliza habari za asubuhi yake, tutajibu kwamba wetu walikuwa wameshapanda basi?

Nawaomba jambo moja. Wiki hii, asubuhi moja, nenda shule ya msingi ya serikali iliyo karibu na nyumba yako, hata kama huna mtoto pale. Msalimie mwalimu mkuu. Omba kiti, ukae nje ya darasa moja hadi kipindi kiishe.