Uji wa Chachu kwa Askari wa Ini

Hapo zamani za kale, na nyinyi mnaobakiza uji kikombeni sikilizeni vizuri, tumboni mwa Kiboko aliishi kijidudu mmoja mdogo kuliko punje ya chumvi, jina lake Chachu. Kazi yake na ukoo wake ilikuwa kuchachusha majani aliyoyameza Kiboko.

Juu yao palikuwa na Ini, nyumba kubwa yenye askari. Mkuu wao, Bugia, alikuwa na mdomo mpana, na alimeza kila kilichopanda na mto wa damu kutoka utumboni. Tatizo lake lilikuwa ghadhabu. Kijidudu mmoja akiteleza tu, chubwi, askari wote wanawasha mienge, Ini linavimba, Kiboko anashikwa na homa na kususa kula.

Safari hii Kiboko alikuwa hajala siku tatu.

"Shangazi, tuhame," alisema Tepwe, mtoto wa kaka yake Chachu.

"Mlango wa kutokea ni mmoja," Chachu alimjibu, "na mkia wa Kiboko unaujua unavyotapanya kila kinachotoka."



Chachu aliogopa, tena sana. Kiboko akifa, wote wamekwisha. Basi akakwangua majani machache yaliyobaki, akayafanya uji, akatia humo vumbi la ngozi za ndugu zake wote, akafunika bakuli kwa kawa, akapanda mto.

"Hodi."

"Nani?" Bugia akaachama.

"Jirani wa chini. Nimeleta uji."

"Nitakumeza wewe na uji wako."

"Meza, kapiteni. Ila bakuli atalirudisha nani? Na tangu lini bakuli la jirani likarudi tupu?"

Bugia akafunga mdomo. Alikuwa mkali, lakini alikuwa amelelewa. Akapekua nyumba nzima, asipate kitu ila nyongo, akalijaza bakuli kwa aibu.

"Samahani, bibi. Ni chungu."

"Cha jirani hakisemwi," alisema Chachu, akateremka mbio.

Kesho yake akarudi, na keshokutwa pia. Uji ulikuwa wa moto, na askari walioulamba walianza kupiga miayo. Mienge ikazimika mmoja mmoja. Kiboko akatafuna jani moja, kisha mawili.

Siku ya saba Tepwe akateleza. Chubwi! Akafika juu, na askari wakanyanyua mienge. Bugia akamnusa.

"Shusheni. Huyu ananukia kifungua kinywa chetu."

Kisha akawaza. Akachungulia bakuli la asubuhi, akakwaruza vumbi lililobaki chini.

"Bibi Chachu, umenilisha ngozi za ukoo wako ili niwazoee."

"Ndiyo," alisema Chachu, aliyekuwa amemfuata mtoto wa kaka yake mbio.

"Umenichezea mimi, askari mkuu."

"Siku saba nzima. Haya, washa moto tuone."

Bugia akakunja uso. Akainua mwenge. Akajaribu kukasirika kwa nguvu zake zote, na badala ya kunguruma akapiga mwayo, haaaah, mpaka Tepwe akaliona koo lake lote. Huko nje Kiboko alikuwa akivunja majani, kwaru, kwaru.

"Mchukue huyu uende naye," alisema Bugia akitazama pembeni. "Na kesho lete bakuli kubwa zaidi."

Nanyi shikeni hili: ukali wa mkubwa hauzimwi kwa ngumi, huzimwa kwa mazoea.