Aliyeswali Karibu na Viatu Vyake

Ndugu zangu, kabla sijaanza nawaomba jambo moja. Mtu asigeuke kutazama viatu pale mlangoni. Vipo, havijaenda popote. Nitazameni mimi. Mfano wa leo unahusu viatu, na nimeutunga mwenyewe, kwa hiyo mtu asije akatoka hapa akaanza kumtafuta mhusika mtaani.

Alikuwepo bwana mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Misumari, mabati, rangi, makufuli, saruji. Mtu wa watu, mkono wake mwepesi kutoa, swala haimpiti. Na alikuwa na tabia moja iliyosifiwa sana: aliswali safu ya nyuma kabisa, pembeni mwa mlango. Hata akifika wa kwanza, msikiti mtupu, anakaa pale pale. Ukimwambia asogee mbele anatabasamu. "Tangulieni nyinyi, mimi hapa pananitosha." Watu wakasema, unyenyekevu ulioje!

Haukuwa unyenyekevu. Alikuwa akilinda viatu vyake.

Na viatu vyenyewe, laiti mngeviona. Vya ngozi nyeusi, vya kufunga kwa kamba, vimepinda visigino, vinambana kila upande. Miaka tisa anavivaa hivyo hivyo. Uwezo wa kununua vingine alikuwa nao. Hakununua.

Sasa niambieni, mtu akisimama juu ya sakafu ya saruji kutwa, kiatu kinambana, miaka tisa, mguu utakuwaje? Wa kulia ndio ulioanza. Kwanza kisigino: asubuhi akishuka kitandani anashika ukuta. Kisha katikati ya unyayo, pakawa panawaka moto. Kisha vidole vikaingia ganzi, naye akaifurahia ile ganzi, maana maumivu yalipungua. Akaenda hospitali akitarajia kupewa dawa ya kuchua.

Daktari alikuwa mama wa makamo, hana mzaha. Akampima damu, kisha akambonyeza unyayo kwa kidole gumba, pale katikati. Bwana yule nusura ampige teke.

"Baba, una kisukari," akamwambia. "Na unyayo wako umelala. Chukua soli hizi, unatia ndani ya kiatu. Zimenyanyuka hapa katikati ili ziubebe unyayo. Lakini kiatu hiki kinakubana, tafuta kipana. Ukipata kidonda hapo na sukari hii uliyo nayo, mimi sitakuwa na maneno mengi. Nitakata."

"Utakata nini?"

"Mguu, baba."

Akatoka. Ndugu zangu, mtu akiambiwa hivyo hafikii nyumbani, anapitia dukani kwanza kutafuta kiatu kipana. Yeye alikwenda nyumbani moja kwa moja, akakaa kitandani, akazichukua zile soli akazitia ndani ya viatu vile vile, juu ya soli za zamani. Kiatu kilichokuwa kikibana sasa hakiingii kabisa. Akachukua mpini wa kijiko, akausukuma mguu huku ameuma meno, mpaka ukaingia.

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni anamtazama. "Baba Fulani," akasema, "si utoe hiyo ya zamani kwanza? Lete nikusaidie." Akanyoosha mkono.

"Usiguse!"

Yule mama akarudisha mkono upesi. Miaka yote ya ndoa hajawahi kufokewa namna hiyo, na leo anafokewa kwa sababu ya kiatu. Akaogopa. Hakujua anaogopa nini, lakini tangu siku hiyo akawa anakizunguka kiatu kile akifagia chumba.

Wiki mbili alitembea hivyo. Alipoona hawezi tena, akaenda kwa fundi viatu, yule anayekaa kando ya soko na kisanduku chake, midomo imebana misumari midogo. Fundi akakigeuza kiatu, akakitazama ndani, akatema misumari mkononi.

"Bwana mkubwa, humu huwezi kuongeza kitu. Kiatu kimejaa. Ukitaka hii ya daktari ikae, lazima nibandue hii ya zamani."

"Usibandue. Kipanue tu."

"Ngozi hii imechoka, nikiipanua inapasuka."

"Basi punguza hiyo ya daktari, ichonge iwe nyembamba."

"Nikiichonga itabeba nini? Si itakuwa karatasi?" Fundi akacheka. Alizoea wateja wabishi. Na huku anacheka kidole chake kinapapasa ndani, na kucha imeshaingia ukingoni, na gundi ya miaka tisa haina nguvu. Soli ya zamani ikanyanyuka.

"Acha!" Bwana yule alimshika fundi mkono kwa nguvu kiasi cha watu kugeuka. Lakini kidole kilikuwa kimeshafika.

"Kuna kitu huku chini," fundi akasema, na hakuwa anacheka tena. "Kigumu. Kimekaa hapa hapa katikati ya unyayo. Bwana mkubwa, maumivu yako ndiyo haya."

Kilikuwa kifuko cha ngozi, kidogo, kimeshonwa pande zote kwa uzi mweusi.

Nimesikia mtu amevuta pumzi hapo. Ngoja niwaeleze. Mwaka wake wa kwanza dukani, duka la jirani yake liliungua mchana kweupe. Wengine wakasema ni umeme. Wengine wakainamisha vichwa wakasema, umeme gani huo. Akaingiwa na hofu. Na mimi simcheki hapa, wallahi simcheki. Hofu ya kuwaza wanao watakula nini naijua, inaweza kumpeleka mtu mahali ambapo jana yake aliapa hatafika. Akaenda kwa mtu. Akapewa kifuko kile, akaambiwa: kiweke ndani ya kiatu hicho ulichovaa, chini ya unyayo wa kulia, usikifungue, na ukiwa nje ya nyumba kisitoke machoni pako. Siku utakayokitoa, duka litaungua.

Ndiyo ile safu ya nyuma. Anasujudu, na jicho liko mlangoni.

Fundi akauliza, "Ndani mna nini?"

"Sijui."

"Miaka tisa unakikanyaga, na hujui?"

"Niliambiwa nisifungue."

Fundi akakiweka kiatu chini taratibu, akafuta mikono kwenye suruali, akafuta tena. Hofu ilikuwa imemshika na yeye. Akashusha sauti. "Waganga hawa wakati mwingine huandika aya, wakazishona humo. Ikiwa imo, bwana, umekuwa ukikanyaga nini? Na ikiwa haimo, basi limeandikwa jina la nani?"

Bwana yule alikaa pale kwenye kigoda, mguu mtupu umevimba juu ya vumbi, jasho linamtoka. Fikirini alichokuwa nacho mbele yake. Upande huu soli ya daktari, safi, imenyanyuka katikati, inasubiri nafasi. Upande huu kifuko. Na kiatu ni kimoja. Mngefanya nini? Msinijibu haraka.

"Kirudishe," akasema.

"Na hii ya daktari?"

"Iache."

Fundi hakutaka kukigusa tena. Bwana akakirudisha mwenyewe, akaibana soli ya zamani juu yake kwa kiganja, akavaa, akafunga kamba. Akaondoka anachechemea. Adhuhuri ikaadhiniwa, akaingia msikitini, akakaa safu ya nyuma. Zile soli za hospitali zilibaki juu ya kisanduku cha fundi.

Ganzi ikapanda mpaka kifundoni. Akashukuru, akadhani anapona. Kidonda kilipofunguka hakukisikia. Aliyejua kwanza ni mkewe, na alijua kwa harufu. Alifagia chumba akitafuta panya aliyekufa, akatafuta chini ya kabati, akatafuta nyuma ya magunia, mpaka akafika kwenye mguu wa mumewe.

Daktari alitimiza ahadi. Hakuwa na maneno mengi.

Alipozinduka mkewe alikuwa kando ya kitanda. Yule mama alikuwa amejiandaa, amepanga maneno tangu asubuhi, jinsi ya kumwambia mwenzake kwamba mguu haupo. Bwana akafumbua macho. Hakuuliza mguu. Akasema, "Kiatu kiko wapi?"

Mkewe hakuamini masikio yake. Akainama, akakitoa kiatu cha kulia uvunguni. Mumewe akakipokea kwa mikono miwili, akaingiza vidole ndani, akapapasa mpaka katikati. Uso ukamtulia.

"Kipo," akasema.

Mkewe akatazama shuka, pale lilipolala bapa juu ya godoro, akaanza kulia.

Na duka? Duka halikuungua, ndugu zangu. Lilifungwa tu. Hapakuwa na mtu wa kusimama.

Sasa niwaambie nilichoona nikiwa hapa juu. Niliposema safu ya nyuma, wangapi mligeuka! Mkawatazama wenzenu waliokaa mlangoni, maskini, mmoja amechelewa tu kwa sababu ya foleni ya maji. Niliwaomba msigeuke. Mfano huu si wa kumtazamia jirani.

Ni wetu sisi. Hivi ni mara ngapi tunakuja hapa na maumivu, tunapewa cha kutubeba, na tunakipokea kwa mikono miwili? Tunaongeza funga ya Alhamisi. Tunaongeza darsa, tunaongeza uradi, tunaongeza sadaka. Tunavitia vyote juu ya kile ambacho hatutaki kukitoa, kisha tunasukuma kwa mpini wa kijiko. Halafu tunakwenda barazani kulalamika kwamba dini inabana. Dini inabana! Kinachobana ni kilicho chini, na tulikiweka wenyewe, na tunakijua mahali kilipo kwa kidole.

Wapo wenye kifuko cha ngozi kweli, na leo hawatalala vizuri, na mimi nataka wasilale. Lakini usishukuru upesi wewe usiye nacho. Yupo mwenye ndugu yake wa tumbo moja, miaka sita hawasalimiani, na kila mwezi wa Ramadhani anaongeza juzuu moja juu ya uhasama huo. Yupo aliyehamisha jiwe la mpaka la shamba la yatima, na ndiye anayetununulia mikeka. Anayeguswa hapo atamfokea mkewe, atamshika fundi mkono. Na mimi ninayesema nina changu. Sitawaambia ni nini. Nawaambia tu kwamba jana nilikipapasa, kikawepo, na nikashtuka kuona nimefarijika.

Msiogope maumivu, ndugu zangu, ogopeni ganzi. Kama lile jambo lilikuwa likikuchoma mwaka juzi na leo halikuchomi, wala hujalitoa, usiseme nimepona. Muulize aliye karibu nawe, huenda ameshaanza kusikia harufu.

Kiondoe kikiwa kingali kinauma. Utaogopa, ndiyo. Utakitoa, na utalala usiku huo ukisubiri moto. Lakini utaamka asubuhi una miguu miwili.

Kwa sababu iko siku kila mmoja wetu ataletwa humu amebebwa. Hatatafuta pa kukaa. Atawekwa mbele, mbele ya imamu na mbele ya safu zote, hata yule mpenda safu ya nyuma. Na siku hiyo, tukitoka, pale mlangoni hapatakuwa na viatu vyetu.

Haya, muadhini, kimu swala. Hapa mbele pana nafasi.