Vinu Vitupu

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kivivu, kama watu waliokosa chakula cha mchana. Basi hadithi hii ni yenu.

Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji cha wasusi wa mikeka. Wachuuzi walileta mpunga, wakaondoka na mikeka. Miaka ya neema kila nyumba ilitia pakacha moja la mpunga katika ghala la kijiji, akiba ya siku mbaya. Mtunza ghala alikuwa Mwinyi Kondo, mtu wa tumbo na maneno matamu. Na sheria ilikuwa moja: vinu vikinyamaza jioni, ghala lifunguliwe, watu wagawane.

Ukaja mwaka biashara ikafa. Wachuuzi hawakuonekana. Mikeka ikajaa hadi darini, na mkeka hauliki, hata ukiutia nazi.

Je, vinu vilinyamaza? Thubutu! Kila jioni twa! twa! twa! Wanawake walitwanga vinu vitupu, jirani asije akajua kwamba kwao hakuna kitu. Watu wa heshima hao, jamani. Njaa walikuwa nayo, ila aibu ilizidi.

Mwinyi Kondo akisikiliza, akitabasamu. Akawaambia wazee barazani kwamba kijiji kinashiba, alhamdulillahi. Ni yeye tu aliyefunga mkaja tumboni kwa njaa, kwa ajili ya wote.

Sasa palikuwa na ajuza mmoja, Bi Mwanamvua, mkali wa ulimi, mwepesi wa huruma. Jirani yake, Mwanahawa, alikuwa na mtoto mchanga. Jioni moja Bi Mwanamvua akasikia kinu cha jirani, twa! twa! twa!, na mtoto analia kilio kidogo, cha kuishiwa nguvu. Akaingia bila hodi, akachungulia kinuni. Hata pumba hamna. Mwanahawa akasema maziwa yamemkauka.

"Mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Ningekwambiaje, bibi, na kwako nasikia unatwanga?"

Bi Mwanamvua akacheka mpaka machozi yakamtoka, na si yote yalikuwa ya kicheko. Naye alikuwa akitwanga hewa.

Akazunguka nyumba kwa nyumba: kesho asitwange mtu. Wakamgomea, watu watasema nini? Akawauliza watu hao ni nani, kama si wao wenyewe.

Kesho yake jua likatua. Kimya. Kijiji kizima kimya. Halafu, kwa mbali, twa! twa! twa!

Nyumbani kwa Mwinyi Kondo.

Wakaenda wote, Mwanahawa na mwanawe wametangulia. Wakakuta kinu kimejaa. Mwinyi Kondo hakuona haya. Akasema mpunga ule ni wa dawa tu, mganga kamwagiza.

"Pole, Mwinyi. Unaumwa nini?" akauliza Bi Mwanamvua.

"Njaa, bibi. Ikinishika nazimia."

"Basi ugonjwa wetu ni mmoja. Toa ufunguo tutibiwe sote."

Ghala likafunguliwa. Nusu yake ilikuwa imeshatibiwa. Kibaba cha kwanza akapewa Mwanahawa, akanywa uji, na baada ya siku chache mtoto akanyonya akashiba. Mwinyi Kondo naye akasimama kwenye foleni, akalalamika kwamba fungu lake ni dogo kwa mgonjwa kama yeye.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, hilo mlizaliwa mkalikuta. Lakini wenye njaa wakifichana, huyo mwenye shibe atalala usingizi mzuri. Mficha uchi hazai.

Hadithi yangu imekomea hapo. Mwenye njaa aseme.