Tope la Profesa Saburi

Msifu tope hupewa beleshi. Mwalimu Mbwambo, mlezi wa bweni, aliwaambia hivyo wanafunzi wake baada ya mmoja wao kuyasifia maharage ya shule ili aongezewe nyama, akaongezewa maharage. Walipouliza chanzo cha methali hiyo, alikohoa kwa heshima zote, akasema ilizaliwa chuoni, namna hii.

Kijana Lutengano wa Makete alikuwa na shahada ya kwanza ya fizikia yenye alama za kupendeza, na bahari alikuwa ameiona kwenye kalenda tu. Alitaka kusomea shahada ya uzamili ya sayansi ya bahari. Chuo kilidai shahada ya sayansi, hesabu zilizonyooka, na mhadhiri aliyekubali kumsimamia. Huyo mhadhiri ndiye aliyekosekana, na bila yeye Lutengano angerudi nyumbani.

Basi akaandika barua. Kwa mtaalamu wa matumbawe aliandika kwamba tangu utotoni aliyaota matumbawe. Kwa mtaalamu wa mikondo ya bahari aliandika kwamba tangu utotoni aliiota mikondo. Kwa Profesa Saburi, aliyechunguza tope la mikoko, aliapa kwamba harufu ya tope humtuliza moyo. Hakujua kuwa watatu hao hunywa chai meza moja.

Siku ya usaili aliwakuta wamekaa pamoja, kimya kama wazee waliokuja kusuluhisha ndoa. Wawili walimweleza kwa upole kuwa mwenye ndoto nyingi hivyo anahitaji daktari, si msimamizi. Profesa Saburi aliinuka. Miaka yote ya kazi yake hakuna aliyewahi kulisifu tope lake. Alimkabidhi beleshi, akamwongoza hadi mikokoni, maji yakiwa yamekupwa.

Lutengano, na suti yake ya usaili, alizama hadi mapajani. Alivuta mguu mmoja, ukaja bila kiatu. Alivuta wa pili, haukuja kabisa. Harufu ilimtuliza moyo hadi akataka kutapika.

“Vipi, mwanangu,” Profesa aliuliza akiwa amesimama mbele kidogo, “bado unalipenda?”

Lutengano aliona uongo umemwishia. “Silipendi hata kidogo, Profesa. Ila nataka kujua kwa nini hapo ulipo limekaza, na hapa linaninyonya kama ndama.”

“Ungeliandika hilo kwenye barua, ningekukubali bila kukutia humu. Haya, chimba. Jibu liko chini yako.”

Alichimba mwaka wa kwanza, akachimba na wa pili, akahitimu. Tangu hapo, kila ilipofika barua tamu kupita kiasi, wahadhiri walitazamana mezani, na mmoja wao akasema taratibu: msifu tope hupewa beleshi.