Fulana Iliyorudi Ndani ya Beseni

"Wengi husifu fulana, mmoja huirudisha." Hivyo ndivyo nilivyosema asubuhi hii hapa barazani, yule mama aliporudisha sketi tuliyomshonea, imefumuka kiunoni, nami nikaipokea kwa mikono miwili. Nyinyi wanafunzi wangu mkanuna kana kwamba mmetukanwa, kisha mkaniuliza maneno hayo nimeyatoa wapi. Haya, acheni vyerehani kidogo. Methali hii ilianza hivi, katika mji wetu huu wa Same, na wala si zamani za mababu. Nilikuwapo, tena sikuwa upande mzuri.

Palikuwa na binti mchoraji aitwaye Namsifu. Hakuajiriwa na mtu. Alinunua fulana nyeupe mpya, akazichora kwa brashi moja baada ya nyingine, akazipiga pasi ya mkaa ili rangi ishike, kisha akaziuza kwenye kibanda chake karibu na soko. Hakuna iliyofanana na mwenzake. Hii ina mbuzi aliyepanda jiwe, ile ina bibi anayesonga ugali, nyingine ina milima ya Upare iliyojifunika mawingu. Hata mtu asiye na haja ya nguo alisimama kutazama.

Sasa mnajua tunavyonunua nguo sisi. Tumezoea mitumba, kwa hiyo tukiambiwa kitu ni kipya tunakifinya, tunakinusa, tunasikiliza kama kinakwaruza. Namsifu alilijua hilo, ndiyo maana hakuthubutu kutia fulana majini kabla ya kuichora. Alitaka mteja aukute ule wanga wa kiwandani unaokakamaza nguo mpya, na harufu ya dukani, asije akamwita muuza mitumba.

Sifa zikamiminika. Mimi nilinunua ile ya mbuzi, na kila nilipopita pale nilimwambia, "Mwanangu, una mkono wa baraka!" Mwishowe kwaya ya kanisani ikamwagiza fulana thelathini na sita za jubilei, kila mwimbaji na ndege wake. Baba yake alikuwa akimsihi siku zote aache michezo ya rangi, atafute ajira. Aliposikia habari ya kwaya akasema, "Sawa, nitangoja jubilei. Mambo yakiharibika, kibanda tunakifunga."

Zikiwa zimebaki siku tisa, na fulana zote zimeshakunjwa, akaja Mama Mbonea, dobi aliyefua nguo za nusu ya mji. Alijitwika beseni, akalitua mbele ya kibanda, wateja wakitazama. Ndani mlikuwa na maji ya bluu, na fulana yenye doa ambalo zamani lilikuwa mlima.

"Namsifu mwanangu, hii ni yangu, nilinunua kwako. Imechuja."

"Umeifulia nini?"

"Sabuni ya mche, kama nguo zote."

"Basi umeikamua kama dekio! Wamenunua watu wangapi, na nani kalalamika? Sema tu unataka nyingine ya bure."

Wateja wakacheka. Nami nilikuwapo, nikacheka.

Mama Mbonea hakurudisha tusi. Alisema tu, "Hao wasiolalamika, mimi ndiye ninayewafulia." Akaondoka, beseni akaliacha palepale.

Neno hilo lilimchoma Namsifu. Wateja walipotawanyika alichukua fulana moja ya kwaya, yenye hondohondo wa mwimbaji wa besi, akaitia majini. Haukupita muda mdomo wa hondohondo ukaanza kuyeyuka. Binti akaketi chini akalia. Kisha, na hapa ndipo ninapomheshimu mpaka leo, akajifuta uso, akajitwika lile beseni mwenyewe, akapita nalo katikati ya soko hadi nyumbani kwa dobi.

"Nisamehe, mama. Nionyeshe nilipokosea."

Mama Mbonea akafinya pindo la fulana mpya. "Umechora juu ya wanga, mwanangu. Rangi haijagusa uzi. Wanga ukitoka, na rangi inatoka nao. Nguo mpya huoshwa kwanza kwa maji ya moto, ndipo ichorwe."

"Lakini zitaonekana mitumba!"

"Zitaonekana mitumba siku ya kwanza. Hizi zako zinakuwa madekio siku ya pili."

Wakazichemsha zote thelathini na sita. Siku mbili nzima Namsifu alitazama ndege wake wakiondoka na maji, huku Mama Mbonea akisugua madoa kwa magadi bila kudai chochote. Kisha binti akaanza upya, ndege mmoja baada ya mwingine. Wa mwisho alipigwa pasi asubuhi ya jubilei.

Na siku hiyo, kwaya ikiwa uwanjani imeanza ubeti wa pili, ikashuka mvua ambayo Same tunaiomba mwaka mzima hatuipati. Waimbaji hawakukimbia. Namsifu akafumba macho. Baba yake alikuwa kando yake, akamgusa bega.

"Fumbua macho. Ndege wako wote wapo."

Kisha akaongeza, "Kesho nitakuja kuziba paa la kibanda chako. Linavuja."

Baada ya ibada watu walimzunguka kwa sifa, wakamtaka aseme neno. Akapenya kwenye umati, akamshika Mama Mbonea mikono yote miwili, machozi yanamtoka. "Wengi mlisifu fulana zangu," alisema. "Mmoja aliirudisha. Asante, mama. Ulinipenda mpaka ukakubali nikutukane."

Mimi niliinamisha kichwa. Ile fulana yangu ya mbuzi ilichuja mara ya kwanza tu kuguswa na maji, nikaifanya dekio, na kesho yake nikapita kibandani kumwambia ana mkono wa baraka. Nilijiona mwema, kumbe nilikuwa namtazama mtoto wa mwenzangu akielekea shimoni, nami nampigia makofi.

Basi yule mama wa sketi angeweza kukaa kimya, akatusengenya sokoni, akahamia kwa fundi mwingine. Hakufanya hivyo. Mchana akirudi mpeni kiti, mmwambie asante kabla hajafungua mdomo. Na sketi yake ndiyo ianze. Wengi husifu fulana, mmoja huirudisha.