Siku Moja ya Jembe

Sogeeni. Asiyependa ubishi aondoke sasa, mimi sitamfuata.

Kijijini kwetu, juu milimani Upareni, wako watu watatu wapweke. Senkondo amejaliwa pumzi ya kupiga baragumu la kuitia watu msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja. Wanawe wote wamehamia mjini. Nambua, mjane asiye na mtoto, akiushika udongo tu anajua utazuia maji au utayameza. Kallaghe alikuwa na shamba zuri kuliko yote, na mbwa.

Ndiva yetu, bwawa la udongo tuliloachiwa na mababu, ikapasuka. Akaja bwana mmoja wa mradi, akatuambia maendeleo ni saruji, akaondoka nayo hiyo saruji mdomoni. Tukamngoja miaka sita!

Senkondo akachoka kungoja. Kila alfajiri alipiga baragumu, na kila alfajiri hakutokea mtu. Nilimsikia, nikavuta blanketi. Baada ya mwezi mzima tuliona haya, tukatoka na majembe.

Tukaziba ufa, maji yakapita. Tukaziba tena, yakapita. "Huu ni mchanga mtupu," Nambua alisema. Akazunguka siku tatu akichimba na kunusa, hadi akaupata udongo wa mfinyanzi. Wapi? Katikati ya shamba la Kallaghe.

"Chimbeni," Kallaghe akasema.

"Kaka, utakula nini?"

"Mnachokula ninyi, dada."

Shamba likawa shimo. Maji yakatulia.

Sasa, kwetu aliyeleta maji ndiye huifungua ndiva mara ya kwanza. Halafu kila mwaka, hadi afe, kijiji kizima huenda kwake siku moja: kumlimia, kupika, kucheka uani kwake. Mtu ni mmoja tu, na siku haigawanywi. Nilishawaomba wazee, wakakataa katakata.

Wazee wameniachia mimi nilitaje jina hilo kesho. Leo nimepita kwao wote. Senkondo amefagia ua na kuazima viti. Nambua ameteremsha sufuria kubwa, iliyotumika mara ya mwisho kwenye msiba wa mumewe. Kallaghe, ambaye hana tena hata shamba la kulimiwa, amemfunga mbwa wake asije akawatisha wageni.

Je, wewe ungemtaja nani? Na ukirudi nyumbani, ungepitaje mbele ya nyua za wale wawili?